Msonyo wa Mama

Mdogo wangu mpenzi, Bwana Mkubwa,

Barua hii ikukute umekaa vizuri, umeshakula, na huna wa kugombana naye. Salamu za kwanza ni za wifi yangu, na umpe kabla hujaenda mstari wa pili, kwa sababu najua ndiye anayekusomea miwani yako ikipotea. Za pili ni za maharusi wetu. Vipi mgongo? Na lile goti? Natumaini umewaachia vijana kazi ya kupanda nguzo za umeme, wewe ukabaki chini kunyoosha kidole na kutoa amri, kazi uliyoianza ungali mtoto wa kubebwa hadi tukakupa hilo jina.

Mimi hapa sijambo, kwa kipimo changu. Natembea bila fimbo, nakula, na kuongea ndiyo usiseme. Ukinikuta barabarani utaapa kwamba sijawahi kuugua. Hapo ndipo penye shida yangu yote, na ndiyo maana nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi, nimeigandamiza kwa kopo la vitana ili mkono wa kushoto usilazimike kuishika.

Barua yako niliipata. Ilikuwa fupi, lakini ilinifika. Ulisema kiti cha shangazi kilikaa kitupu mbele ya ukumbi mzima, kwamba mwanao aliulizwa na watu shangazi yake mkubwa yuko wapi, na kwamba badala ya kuja mwenyewe nilimtumia bibi harusi kifurushi cha kitambaa kwa mkono wa konda wa basi, bila hata kikaratasi cha pongezi. Hukunitukana. Ningefurahi kama ungenitukana. Ulimalizia kwa neno moja tu: Nimezoea.

Neno hilo nimekwenda nalo sokoni na nimerudi nalo. Umezoea nini, mdogo wangu? Nadhani najua, na huko ndiko barua hii inakokwenda. Ila niache nianzie mbali, na usiniharakishe kama unavyowaharakisha mafundi wako.

Uliponikuta hospitali wakati ule wa kiharusi, mdomo wangu ulikuwa umekwenda upande, mguu haukunitambua, na mkono wa kushoto ulilala juu ya shuka kama kitu kilichosahauliwa na mgonjwa aliyetangulia. Ulinishika ule mkono ukalia. Wakati ule sikuuhisi kabisa. Ukarudi kwako, na mimi nikaanza kurudi kwangu. Mdomo ulinyooka. Mguu ulijifunza upya. Yule daktari wa mazoezi, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kamanda, alinifanyisha kazi ya kuokota vifungo vya shati na kuvitia kwenye bakuli hadi nikaviota. Siku niliposhika kitana kwa mkono wa kushoto na kugawa nywele zake mwenyewe mstari mmoja ulionyooka, aliwaita wauguzi waje waone. Walipiga makofi. Nikatangazwa mzima, na habari zikakufikia kwamba nimepona.

Kilichofuata hakikutangazwa. Miezi kadhaa baadaye, nikiwa nyumbani, vidole vya kushoto vilianza kufanya ganzi ile ya mtu aliyelalia mkono. Nikadhani ni dalili njema, uhai unarudi. Ganzi ikawa sisimizi, sisimizi wakawa sindano, na sindano zikawa moto. Ni moto kweli, mdogo wangu, si maneno ya kujidekeza. Unaanzia bega hadi ncha za vidole, na siku mbaya unashika na shavu. Mkono wenyewe ukiutazama hauna kitu. Hauna uvimbe, wala kovu, ngozi laini tu inayong'aa mafuta. Maji ya baridi yakiugusa yanaunguza. Upepo wa feni unauchuna. Nguo ndiyo adui mkubwa. Mkono wa gauni, ule wa kitambaa cha kawaida kabisa, ukinitembelea pale juu ni kama mtu ananipaka pilipili kwenye kidonda.

Basi nilichukua mkasi nikakata mikono ya kushoto ya magauni yangu yote. Wa kulia nikauacha. Utacheka: mteja mmoja kijana aliniona nimekaa mlangoni mwa saluni, bega moja nje, akaniuliza fundi gani amenishonea mtindo huo. Kabla sijajibu, mwenzangu wa kiti cha pili, yule tunayemwita Redio, akamwambia ni mtindo mpya kutoka ng'ambo. Wiki iliyofuata binti akaja na gauni la mkono mmoja, amependeza kuliko mimi. Tulicheka hadi Redio akakaa chini. Nakuandikia hilo ujue kwamba kicheko bado kipo ndani ya nyumba hii, hata kama kinapita mlango wa nyuma.

Nilijaribu kurudi kazini. Unajua kiti changu kilivyo, cha kwanza ukiingia, mbele ya kioo kikubwa. Wateja wa zamani walikuja kunipokea kwa vigelegele, na wa kwanza kukaa alikuwa mwalimu mmoja niliyemsuka tangu akiwa mwanafunzi. Redio alikuwa amemwosha kichwa, nywele zina maji. Nilipotia vidole vya kushoto kwenye zile nywele mbichi, kitu kilinipanda hadi shingoni, na kabla sijajizuia nilikuwa nimezivuta kwa nguvu, mwalimu kapiga ukelele, kaanguka nusu kutoka kitini. Mimi, niliyekuwa nasifiwa mji mzima kwa mkono mwepesi. Nilisingizia kizunguzungu. Redio akamaliza kichwa kile, na tangu siku hiyo kiti cha kwanza ni chake. Mimi nikapewa stuli ya mlangoni, kama picha ya mwenye duka.

Ningeweza kuishi kwenye stuli hiyo. Kilichonishinda ni watu. Hujawahi kujua watu wanavyogusana mpaka mguso uwe moto. Anayekuamkia anakushika. Anayekupa pole anakukumbatia, na anayekuhurumia zaidi anaupapasa mkono uleule uliougua, akisema masikini, mkono huu. Nilianza kutoa kichwa tu kwa salamu. Nikaanza kuhama kiti mtu akikaa kushotoni kwangu. Nilijaribu kueleza, na wengine walielewa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Lakini mtu akikuona unatembea na unacheka, anashindwa kuamini kwamba unaungua. Jirani mmoja aliniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba nisiuendekeze ugonjwa, nikiuzoesha kudeka utakaa. Mwingine, huyu kwa nia mbaya, alisema kiharusi kimenipandisha cheo, siku hizi sishikani mikono na watu wa chini.

Nikapunguza kutoka. Msibani kuna kukumbatiana, sikwenda. Mkutano wa mtaa una mabenchi ya kubanana, sikwenda. Mwanzoni walikuwa wanatuma mtu kuniita, halafu wakaanza kusema wasimsumbue mgonjwa, halafu wakasahau kusema. Sikumchukia yeyote. Ni kama maji yanavyokauka kwenye beseni lililoachwa juani, huoni yakiondoka.

Siku moja, mchana, nilikuwa nimejilaza chumba cha nyuma ya saluni, pazia limeshushwa. Mbele walikuwepo wateja ambao hawakujua kama nipo. Nikasikia wananiongelea. Alikuwa na mkono mwepesi, jamani. Alikuwa anajua kuchekesha. Alikuwa hakosi kwenye shughuli ya mtu. Alikuwa, alikuwa, alikuwa. Nikalala pale nikijisikiliza nilivyozikwa vizuri. Hatimaye nikasema kwa sauti, nyuma ya pazia, kwamba bado nipo. Lo! Mmoja aliruka na rola zote kichwani hadi barabarani. Walipojua ni mimi walicheka mno, na mimi nikatoka nikacheka nao, lakini niliporudi ndani sikulishusha tena pazia. Maana walivyoruka, mdogo wangu, ndivyo mtu anavyoruka akisikia sauti ya maiti.

Basi harusi ya mwanao ilipofika, niliapa kwamba kwenye hiyo nitaonekana. Hapa ndipo penye maelezo unayonidai. Nilishona gauni. Nilinunua kile kitambaa cha bibi harusi, nikakifunga mwenyewe kwa mkono mmoja na meno. Nilikata tiketi ya kiti cha dirishani upande wa kushoto, ili mkono ukae na kioo na si na mtu. Nilifika stendi mapema, mzigo ukaingia kwenye buti la basi, nikapanda. Konda akaja kusema kiti changu kimeuzwa mara mbili, nihamie kiti cha upande wa pili. Nikahamia. Akaja bwana mmoja mnene, mtu mwema, ananiita mama, akakaa kushotoni kwangu. Bega lake lote likalala juu ya langu.

Nilivumilia. Nikasema moyoni, ni safari ya siku moja tu, wanawake wamevumilia makubwa. Injini ikawashwa, basi zima likaanza kutetemeka, na bega la yule bwana likatetemeka pamoja nalo juu ya mkono wangu. Nakumbuka nilisimama. Nakumbuka watu wakiniuliza kama nimesahau kitu. Nilipopata akili nilikuwa nimekaa juu ya ukingo wa stendi, gauni jipya limelowa jasho, na basi linatoka getini likiwa na kitambaa cha bibi harusi tumboni mwake. Nilimpigia konda simu akabidhi mzigo kwako. Nikataka kukupigia na wewe, nikaishika simu. Ningesema nini? Kwamba sikuja kwenye harusi ya mwanangu kwa sababu bwana mmoja alikaa karibu nami? Nikairudisha simu mkobani. Hivyo ndivyo kifurushi kilivyohudhuria na mimi nikabaki.

Kama habari ingeishia hapo ningekuomba radhi na kufunga bahasha. Lakini kuna jambo lilitokea likizo hii, nalo ndilo lililonikalisha leo.

Kabla ya hilo, kuna kitu nilikuwa sijamwambia mtu. Pale saluni kila ukuta una kioo. Tangu niugue, nilikuwa nikipita mbele ya vioo vile naona mtu ninayemjua, halafu simpati. Anapita ukingoni mwa jicho, ameinama kidogo, mkono wa kushoto ameubana tumboni na wa kulia ameuweka mbele yake kama anayezuia mlango. Nikigeuka vizuri najiona mimi. Nikiondoa macho anarudi. Nilianza kupita nikiwa nimetazama sakafu. Redio akadhani nimeona aibu kuzeeka.

Basi likizo binti yangu alikuja na yule mjukuu wangu mdogo, tunayemwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Hakuwa ameniona tangu kabla sijaugua. Aliponiona alitupa kila alichoshika, akakimbia uwanja mzima akiita bibi, bibi, akanirukia. Alikuja upande wa kushoto. Akauzungushia ule mkono mikono yake yote miwili, akaubana shavuni.

Sikumpiga, namshukuru Mungu. Nilimsukuma tu kwa mkono wa kulia. Na meno yangu yakabana, na hewa ikapita katikati yake kwa nguvu, sauti moja ndefu yenye maji. Sikuipanga. Ilitoka kama chafya inavyotoka. Mtoto akarudi nyuma. Hakulia. Alinitazama, kisha akamtazama mama yake, akauliza, taratibu, kama mtu anayetaka kuhakikisha: "Mama, kwa nini bibi amenisonya?"

Mdogo wangu, niliuona uso wako. Si uso unaofanana na wako, ni wako wenyewe, vilevile, ule wa mlangoni kwa mama. Na ile sauti niliyoitoa naijua. Wewe unaijua kuliko mtu yeyote duniani.

Nisamehe kwa kukurudisha kwenye chumba kile. Ulikuwa mdogo mama alipopata kiharusi, na mimi nilikuwa namalizia shule, kwa hiyo nakumbuka mengi ambayo wewe huenda hukuyapata. Alianguka uani anaanika nguo. Aliporudi kutoka hospitali alikuwa hana neno hata moja. Alikuwa anakokota mguu kwa kushikilia kiti, na kilichobaki mdomoni mwake ni ile sauti tu. Sote tuliisikia, na sote tuliiita msonyo, maana hatukuwa na jina jingine la kuipa. Kwetu sisi wakubwa aliitoa mara mojamoja. Wewe ulikuwa unaipata kila siku, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unamkimbilia kila siku. Ulikuwa mtoto wa mapajani. Hukuwa umeachishwa mapaja. Ukipanda anakusukuma, anasonya, anageuza uso ukutani, na wewe kesho unajaribu tena, umeoga, umejipaka mafuta, ukidhani labda jana ulikuwa mchafu.

Kisha shangazi yetu, Mungu amrehemu na mdomo wake, akakwambia mama hakutaki kwa kuwa alianguka wakati anakukimbiza wewe. Haikuwa kweli. Nilikuwepo, ulikuwa umelala. Lakini ulimwamini, na hukumpandia mama tena. Na siku baba mdogo alipokuja kukuchukua ukasome kwake, ulisukumwa ukamwage mama. Ulimkumbatia kiunoni haraka kama mtu anayetimiza amri, ile sauti ikatoka, uso ukageuka. Ukaokota begi lako. Hukurudi hadi siku ya maziko, na siku hiyo ulisimama karibu na geti, kama mtu aliyesindikiza wengine.

Hicho ndicho ulichokizoea. Nimekosea?

Nilikwenda kliniki kesho yake. Yule daktari wa mazoezi alinipeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu, kijana mpole, akanisikiliza hadi mwisho bila kutazama saa. Aliniambia kidonda hakiko mkononi, kiko kichwani, pale damu ilipokosa njia. Kichwa ndicho kinachousingizia mkono moto ambao haupo, na mkono unaamini. Akasema maumivu hayo yanajulikana na yana dawa, ambayo haiyamalizi ila inayashusha sauti. Nikamuuliza, je, mtu akipata kiharusi kikamwachia moto huu, kikamchukulia na maneno? Akaivua miwani yake. Akasema huyo ndiye wa kumhurumia kuliko wote, kwa sababu hana pa kuyapeleka. Atawasukuma walio karibu naye, atapiga kelele wakimgusa, na nyumbani watasema ugonjwa umembadilisha moyo.

Nilikaa kwenye benchi la nje la kliniki ile nikamlilia mama upya. Wakati wa maziko nilimlilia mgonjwa. Safari hii nilimlilia mwanamke aliyeungua miaka yote ile mbele yetu, nasi tukimpangusa uso kwa maji ya baridi, tukimvalisha sweta, tukimbana mkono kwa upendo. Tulikuwa tunamchoma, mdogo wangu, na tunamwambia pole. Tangu siku hiyo simkwepi tena kwenye vioo. Akipita nasimama. Sisemi kwamba nimeacha kuogopa. Nyakati nyingine mkono unapowaka sana nahisi si wangu, ni wake, na kwamba amenipa niushike kidogo apumzike.

Kwa Chiriku mimi nilikuwa na bahati ambayo mama hakuipata, nina ulimi. Alikuwa amehamia kwa Redio, hanisogelei. Nikakaa chini uani, mbali naye, nikamwambia upande huu wa bibi una moto usioonekana, na sauti ile ni ya moto, si ya kumsonya yeye. Alifikiri sana. Akauliza kama moto huo unafika upande wa pili. Nikasema haufiki. Akazunguka kwa mbali, kama anayezunguka shimo, akaja kuliani, akakaa. Sasa hivi ndiye askari wangu wa barabarani. Mgeni akiingia tu anasimamishwa mlangoni, anaambiwa bibi anaungua huku, pita kule, na watu wazima wanatii! Juzi nilikwenda kwenye msiba wa jirani kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, yeye mbele, mkono juu, anapanga watu. Nilikaa hadi mwisho. Waombolezaji wengine walicheka na machozi yao.

Sasa nikwambie lililobaki, ambalo sijamwambia mtu, kwa sababu mwenyewe nimelielewa mwezi huu tu.

Unakumbuka ulivyokuwa unakataa kulala mchana? Hukuwa mkaidi kwa mengine. Lakini mchana, tukikulaza kwenye godoro la ukumbini, ulilia kwamba ukilala kinakuja kitu. Ulisema kinakokota mguu. Ulisema kinakuja juu yako, kinakupumulia, kinakunusa kichwa, halafu kinakuweka kitu cha uvuguvugu juu ya paji la uso, na ukifumbua macho hakuna mtu. Shangazi alisema ni mzuka. Mimi nilisema unaota. Uliogopa ukumbi ule hadi siku uliyoondoka, na nadhani pengine ulikubali kwenda kwa baba mdogo kwa sababu ya kitu kile pia.

Mchana mmoja nilirudi kutoka shule mapema, nikapita dirishani. Mama alikuwa ametoka chumbani mwake. Aliushikilia ule mgongo wa kiti na kukisukuma mbele yake, jasho linamtoka, mkono wa kushoto ameubana tumboni. Alifika kwenye godoro lako. Ilimchukua muda kuinama. Akakaribisha uso kwenye nywele zako akavuta pumzi, ndefu, akaweka kiganja cha kulia juu ya paji la uso wako, akakiacha pale. Wewe ulijigeuza. Akakiondoa haraka kama aliyeshikwa anaiba, akageuza kiti chake, akarudi. Mimi nilidhani anakupima homa. Nikaingia jikoni kutafuta chakula, nikasahau, nikawa mtu mzima, nikazeeka.

Alikuwa anangoja ulale. Ukiwa macho ungemrukia.

Basi nikuachie hapo. Mwambie bwana harusi shangazi yake atakuja kumpongeza kwa miguu yake, dawa ikishanikaa vizuri, na wifi asinipikie kitu kikubwa. Binti yangu anakusalimu, Redio anakusalimu kwa sauti ambayo nadhani umeisikia huko, na Chiriku anasema anataka kumwona mtu aitwaye Bwana Mkubwa ili ahakikishe. Sikuombi ujibu upesi. Ninalokuomba ni dogo: ukimaliza kusoma, mwambie wifi asikuite kwa muda, ujilaze kidogo mchana huu, ulale.

Ni mimi dada yako,
Msusi